Kitanda cha Twiga Wenye Mabawa

Siku ngozi ya ng'ombe ilipopandishwa juu ya dari, paka wote wa Ghubra, mtaa wetu wa Maskati, walikuja kwetu. Wakakaa juu ya ukuta, kimya, kama watu waliokuja kusikiliza maulidi. Ami Mutasim akawatazama, nao wakamtazama. Halafu akachukua kisu kidogo, akaanza kuikata ile ngozi mbichi ukingoni, akizunguka, akizunguka, bila kuinua mkono, kama mtu anayemenya chungwa, mpaka akafika katikati. Alipomaliza hapakuwa na ngozi tena. Palikuwa na ukanda mmoja tu, mrefu hata ukiushika mwanzo wake huuoni mwisho.

Alisema mto wa kwao nao uko hivyo. Unazunguka na kuzunguka jangwani mpaka ukadhani umesahau unakokwenda.

Ami Mutasim si ami yangu wa damu. Ni mume wa mama mdogo Masouda, mdogo wake mama yangu, na mimi nakaa nao tokea nilipoletwa kutoka Unguja nna miaka kumi. Huko shule nilisoma kidogo, hapa karatasi za ukaazi zikachelewa, nikawa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani huona mengi. Nataka kukieleza kitanda alichomtengenezea Shurooq, mwanawe wa pekee, kwa sababu wanaokiona sasa wanaona kitanda tu.

Kwao ni Sudani, juu kaskazini, kijiji kilichoko ukingoni mwa mto karibu na Kerma. Ni Mnubi. Mtu akimwita Mwarabu wa Sudani hakasiriki, husema tu polepole, "Mnubi," kama anayerudisha kikombe mahala pake. Zamani sana, kiasi cha miaka elfu tatu na nusu hata elfu nne, pale Kerma palikuwa na mji wenye wafalme wake, na makaburi ya watu wa mji huo bado yamo chini ya mchanga. Yeye alipokuwa kijana walikuja wachimbaji wa mambo ya kale, wakaajiri watu wa kijijini. Wengine wakapewa majembe. Yeye akapewa brashi, kwa sababu mkono wake haukuwa na haraka.

Basi jioni, akishakula, alikuwa akitusimulia yale aliyoyafagia. Vibakuli vya udongo vyembamba kama ganda la yai, vyekundu tumboni na vyeusi mdomoni, na baina ya wekundu na weusi mstari wa rangi ya moshi. Havikufinyangwa kwa gurudumu, ni mikono mitupu, kisha vikasuguliwa kwa kokoto mpaka vikang'ara. Alisema cha kwanza alipokiinua alidhani ameinua hewa. Akasimulia na wanyama waliokatwa kwa ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi na kung'aa kama magamba ya samaki. Wanyama hao walishonwa juu ya kofia za ngozi. Na baina yao walikuwamo twiga wenye mabawa.

Nilimwuliza ni nani aliyemwona twiga akiruka. Akafikiri sana. Akasema, "Wao walimwona."

Kazi yake ni useremala. Yuko Maskati miaka ishirini na nane, ana karakana ndogo upande wa Bawshar, na kazi nyingi anayoipata ni makabati ya jikoni. Meupe yote, sawasawa yote. Mama mdogo Masouda alimpata Ruwi, karakana ilipokuwa huko zamani, alipompelekea meza ya cherehani iliyovunjika mguu. Mguu ulitengenezwa siku moja, lakini meza ilikaa kwa fundi mwezi mzima, kila akiifuata aambiwa bado gundi. Kiswahili amefunzwa na bibi yangu, Mungu amrehemu, ambaye Kiarabu alikijua vizuri sana ila alikataa kusema nacho na mkwewe mpaka mkwe ajue kuomba chumvi kwa Kiswahili. Akajua. Lakini mpaka leo akisema utasikia maneno yanavyotembea, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Vita vilipoanza kwao, simu za kijijini zikawa mara zapokewa, mara hazipokewi. Nyumba ya mamake ikafungwa. Ndani yake kimebaki kitanda walichozaliwa juu yake yeye na baba yake, kitanda cha miti kilichowambwa kwa kanda za ngozi, kwao wakiita angareeb. Hakulia, mimi sikumwona akilia. Ila Shurooq alipoposwa na Talal, mjukuu wa Bi Aliya wa Bawshar, alituambia mezani kwamba makabati amewatengenezea watu wote wa mji huu, na mwanawe hatatoka kwake na kabati. Atatoka na kitanda. Kwao ndivyo alivyotoka mamake, na mama wa mamake.

Mbao alizipata kwa rafiki yake, mkunazi ulioangushwa na maji ya wadi, bonde linalojaa mvua ikinyesha. Matendegu manne aliyachonga kama miguu ya ng'ombe, kwato zote zikitazama upande mmoja, hata ukikitazama kitanda kwa ubavu ukadhani kinakwenda. Mchagoni, pale panapowekwa mito, hakuweka kitu, mti mtupu tu. Ubao aliuweka upande wa miguu. Ndivyo vilivyokuwa vitanda vya wale watu wa kale aliowafagia, ubao uko miguuni, na ubao ndio uliokuwa na mapambo, wanyama wa pembe za ndovu waliopachikwa ndani ya mti.

Pembe hatukuwa nayo wala haifai. Alichukua mifupa ya ng'ombe kwa yule yule mwenye bucha aliyemuuzia ngozi, akaichemsha, akaianika, ikawa myeupe. Akakata mbuni, akakata mbuzi wenye pembe ndefu, akakata ndege. Twiga aliwaacha wa mwisho. Kabla ya kuwapachika alimwita Shurooq juu ya dari, akamwambia alale chali juu ya fremu, wakati ule ni mbao nne na ubao mmoja tu, na baina yake amepitisha mbao za muda na tandiko.

"Fungua macho kama umeamka sasa hivi," akamwambia. "Unatazama wapi?"

Shurooq akacheka, akasema anatazama vidole vyake vya miguu. Ami Mutasim akapiga magoti kando ya kichwa chake, akaweka jicho lake karibu na jicho la mwanawe, akanyoosha penseli mpaka kwenye ubao, akatia alama. Juu kidogo ya vidole. Hapo ndipo walipokaa twiga, wanne, shingo ndefu na mabawa yamekunjuliwa, wanatoka kushoto wanakwenda kulia. Alitaka mwanawe akiamka katika nyumba ya watu, kitu cha kwanza akionacho kiwe kinaruka.

Kisha akakiwamba. Ule ukanda mmoja wa ngozi, ungali mbichi, akaupitisha huku na huku siku mbili nzima, nasi tukafunga madirisha kwa harufu. Jua likaukausha. Ngozi inapokauka hujivuta, na ikijivuta kitanda kizima hulia, mti na ngozi pamoja. Alasiri nilikuwa nikilala chini nikikisikia kule juu kinalia polepole, nikiota kwamba kuna kitu kinazaliwa.

Shida ilitokea kwenye chai.

Tulialikwa Bawshar kwa Bi Aliya, kabla ya harusi wiki tatu. Bi Aliya ametoka Unguja msichana, lakini chai yake hadi leo ni ya mchaichai na mkate wake ni wa kumimina. Nyumba ni yake, na Talal na mkewe wangekaa humo kwenye vyumba vya juu. Shurooq akamwonyesha picha ya kitanda kwenye simu. Bi Aliya akavaa miwani, akasifu kwato, akasifu wanyama, akauliza nakshi ile Mutasim kaitoa wapi.

Ami Mutasim hasemi sana kwenye nyumba za watu. Lakini hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja maisha yake yote. Akaweka kikombe, akasimulia. Jinsi alivyofagia mchanga kwa brashi siku nne mpaka akaona kwato ya mti. Jinsi kitanda kilivyojitokeza, na juu yake mtu amelala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kama mtoto, amefunikwa ngozi, vibakuli vyake vyekundu karibu naye, na miguu yake imeelekea ubaoni, kwenye wanyama. Alisema hajaona mtu aliyelala vizuri kama yule. Alisema tokea siku ile alijua kwamba, Mungu akimpa mtoto, atamtengenezea kitanda kama kile.

Mama mdogo Masouda alikuwa akimkanyaga mguu chini ya meza muda mrefu, naye akidhani ni paka.

Bi Aliya akavua miwani.

"Kitanda cha maiti," akasema.

Ami Mutasim akaeleza kwamba walikuwa wakivilalia wakiwa hai kwanza, na kwao hadi leo watu hulala, huzaa, hukaa wakanywa chai juu ya angareeb. Bi Aliya akauliza mti gani. Akaambiwa mkunazi. Akasema na mti wenyewe ndio wa kuoshea maiti.

"Bibi, na sisi nywele zetu si twaoshea mkunazi huo huo?" mama mdogo akasema.

"Nywele huoshwa zikasuuzwa, mwanangu. Mtu halali juu yake."

Hakupandisha sauti. Akasema Shurooq ni mtoto wake, na chumba chake kiko tayari, ila bibi harusi wa nyumba yake hatatandikiwa kitanda kilichonakiliwa kaburini. Talal alitaka kusema neno, bibi yake akamsogezea sahani ya mkate, naye akamega kipande.

Kurudi nyumbani Ami Mutasim aliipita njia ya kuingilia kwetu Ghubra. Akaendelea mpaka Ruwi, akazunguka kituo cha mabasi, akarudi. Nilimwona kwenye kioo cha gari, macho yake yako kwenye barabara, lakini hayakuwa kwenye barabara hii.

Siku zile kitanda kilikaa chumba cha nyuma, kimefunikwa shuka. Yeye akarudi kwenye makabati meupe. Shurooq alikuwa akiingia, akiinua shuka upande wa miguu, akikaa chini kuwatazama twiga. Siku moja alimwambia babake kwamba yeye kitanda cha dukani hatakilalia. Babake akamjibu kwamba mwana wa kike haingii nyumba ya watu kwa ugomvi, na ugomvi huo hautakuwa wa baba yake. Akasema atazungumza na mwenye duka, Shurooq achague anachokitaka. Na Shurooq akajua, hata mimi nikajua, kwamba akishanunua hicho, hiki hatakiuza wala hatakilalia mtu. Kingekaa chini ya shuka kama ile nyumba iliyofungwa kijijini.

Mama mdogo Masouda hakugombana na mtu. Alimpigia simu Bi Aliya kila siku, siku tano, akazungumza naye juu ya asumini, juu ya udi, juu ya mapishi, juu ya magoti yake yanayouma. Kitanda hakukitaja. Siku ya sita akamwambia, "Bibi, hukumu umeitoa kwa picha. Njoo ukitazame kwa macho, kisha ukihukumu tena hatutakwambia neno."

Akaja Jumamosi asubuhi. Mama mdogo alikuwa ameamka na mapema kukipamba. Ametandika godoro jembamba, shuka nyeupe, juu yake asumini na majani ya mrehani, na mito minne yenye foronya za lasi aliyoachiwa na mamake. Mimi nilikuwa jikoni nafukiza udi. Nilipoingia na chetezo ndipo nilipoona.

Mito ilikuwa upande wa ubao.

Sikuweza kumlaumu. Mtu wa Unguja tokea azaliwe anajua ubao wa kitanda ni wa mchagoni. Kitanda cha mamake kilikuwa hivyo, cha bibi yake hivyo, na vile vitanda vikubwa vya besera hivyo hivyo. Yeye humsikiliza mumewe akisimulia kila jioni, lakini mikono ya kutandika haikuwa imesikiliza. Nikataka kusema, na hapo Bi Aliya kashaingia mlangoni, amemshika Shurooq mkono, na Ami Mutasim nyuma yao.

Ami Mutasim aliona mara moja. Nilimtazama uso. Macho yake yalikwenda kwenye mito, yakaenda kwenye ule mwisho mtupu, yakarudi kwenye mito. Twiga walikuwa nyuma ya lasi, shingo tu zinaonekana.

Bi Aliya hakukaa. Alizunguka kitanda, akaweka kiganja juu ya kwato moja, akaiacha pale, kama mtu anayempapasa ndama. Akabonyeza ngozi kwa kidole chini ya godoro. Ikalia kidogo.

"Mutasim, baba," akasema. "Yule mtu wako. Miguu yake ulisema ilikuwa wapi?"

"Ubaoni, Bibi."

"Kwenye wanyama."

"Ndiyo. Kwenye wanyama."

"Na kichwa kule kusiko kitu."

"Kule."

Bi Aliya akaitazama mito muda mrefu. Udi ulikuwa ukipanda baina yetu, na kwa moshi ule kitanda kilionekana kinaelea, ng'ombe mzima na asumini mgongoni.

"Basi hiki si chake," akasema mwisho. "Wake maiti alala kwenda huko, wetu mwali alala kuja huku. Kimegeuzwa. Kilichogeuzwa si kile tena."

Mama mdogo Masouda akamtazama mumewe kwa furaha, na alipomwona uso ndipo alipoelewa alichokifanya. Rangi yake ikabadilika. Ami Mutasim alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, neno lenyewe kila mtu mle chumbani isipokuwa Bi Aliya alikuwa analo. Angesema hapana, mito imekosewa, kitanda hiki hulaliwa vile vile. Namjua, ni mtu ambaye hata bawaba ya kabati ikipinda unywele mmoja huifungua akaifunga upya.

Akaufunga mdomo. Akamtazama Shurooq. Shurooq alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, yaani pale ambapo kwa kweli ni mchagoni, na mkono wake umeshika mti mtupu.

"Kimegeuzwa, Bibi," akasema Ami Mutasim.

Kikapelekwa Bawshar kwa gari ya vyombo, na wanawake wa Bi Aliya wakakitandika kwa nyimbo, mito upande wa ubao. Harusi ilikuwa nzuri, Ami Mutasim alicheza na wazee wenziwe, alikula. Lakini nikajua anachokifikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Twiga wake wako nyuma ya kichwa cha mwanawe. Akiamka anaona ukuta na kiyoyozi.

Mimi nilijiliwaza kwamba labda kitu kikiwa nyuma ya kichwa huingia ndotoni. Sikumwambia.

Ngozi mpya ikilaliwa wiki moja hulegea, lazima ikazwe mara ya kwanza, la sivyo hukaa na mabonde. Kwa hivyo fungate ilipokwisha, siku ya nane, Ami Mutasim akachukua kijiti chake cha kukazia na bakuli la maji, tukaenda, na mama mdogo akanipa mimi kijaluba cha halwa nikishike. Bi Aliya akatupokea, akapanda nasi ngazi kwa magoti yake hayo hayo. Chumba kilikuwa safi. Shuka imenyooka, mito minne ya lasi imepangwa ubaoni. Shurooq alikuwa amesimama dirishani, amepaka hina, hatazami mtu.

Ami Mutasim akaondoa mito, akakunja godoro, akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya kanda za ngozi, polepole, kama alivyokuwa akifagia kwa brashi. Na mimi nikasogea nikatazama.

Ngozi haijui kusema uongo. Panapolala mabega na nyonga hushuka, panapolala miguu hubaki kama ngoma. Karibu na ubao, pale mito ilipokuwa, kanda zilikuwa zimekazana kama siku aliyoziwamba. Mabonde mawili ya mabega, moja kubwa na moja dogo, yalikuwa kule upande mwengine, kwenye mti mtupu.

Kiganja chake kikasimama. Akakirudisha nyuma, akakipitisha tena, kana kwamba hakuamini. Shurooq bado alikuwa akitazama nje, lakini shavu lake lilikuwa limecheza.

Bi Aliya akauliza kutoka kwenye kiti, "Kimelegea wapi, baba?"

Ami Mutasim alichovya vidole kwenye maji, akaanza kulowesha kanda za upande ule, moja moja.

"Kimelegea panapolaliwa, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Aliya. Akapatazama pale alipokuwa akilowesha. Akatazama na ubao. Kisha akaniambia niifungue ile halwa, mbona nimeishika kama nimetumwa kuilinda.

Alikaza kwa saa nzima, akivuta kwa kijiti, na kila akivuta kitanda kilikuwa kinalia sauti ile ile ya juu ya dari. Alipomaliza akarudisha godoro, akarudisha na mito, yote minne, ubaoni, kama alivyoikuta. Akaipangusa lasi kwa kiganja. Twiga wa kwanza alikuwa amechomoza shingo juu ya mto, akamsogezea mto kidogo ili apate nafasi.